Ijumaa ya Bwana Bado

Ndugu waombolezaji, mimi ni kaka wa marehemu, na familia imeniomba nisome historia yake kwa kuwa tarehe zote ninazo, ingawa yamo mambo mawili ambayo ningependa yasomwe na mtu mwingine, nayo nitayasoma yakifika mahali pake.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba yetu, fundi wa breki za mabehewa, na mama yetu, mshonaji. Alipitiliza siku zake za kuzaliwa, akachelewa kutembea, na kila alipoitwa kuoga alijibu “bado kidogo”, hata mama akambandika jina la Bwana Bado, jina lililomfuata mpaka kwenye mikutano ya marais.

Alianza masomo katika shule ya misheni Januari 1956, ambako alikuwa na mazoea ya kuingia katikati ya wenzake wanaogombana, na aghalabu akapigwa na pande zote mbili. Alihitimu chuo kikuu Machi 1972, na Jumatatu tarehe 3 Julai mwaka huohuo akaajiriwa wizara ya mambo ya nje, meza yake ya kwanza ikiwa kwenye korido, kando ya kabati la mafaili ambalo mlango wake ulimgonga kisogoni kila lilipofunguliwa.

Tarehe 21 Desemba 1974 alifunga ndoa na shemeji yangu huyu mnayemwona hapa, mkunga kwa kazi, ambaye husema hajapata kumzalisha mama yeyote kwa taabu kama aliyoipata kumtoa mumewe ofisini. Walijaliwa watoto watatu, wa kiume wawili na binti, kitindamimba. Mwaka 1989 aliteuliwa kuwa balozi, na tarehe 1 Februari 2006 akaapishwa kuwa Katibu Mkuu wa jumuiya ya nchi saba jirani, wadhifa alioushika kwa miaka minane.

Hapa ndipo lilipo jambo la kwanza. Novemba 2009 nchi mbili za jumuiya zilikuwa zimefunga daraja la mpakani kwa miezi kumi na minne, wagonjwa wakifia upande usiokuwa na hospitali, na wajumbe walikuwa wamepewa muda wa kupatana hadi Ijumaa tarehe 13, saa kumi na mbili jioni, baada ya hapo kila upande ungekuwa huru kurudisha majeshi. Ilipobaki dakika tano bila mapatano, marehemu alimwambia mhudumu wa ukumbi apande juu ya kiti akatoe betri ya saa ya ukutani, kwani ni desturi ya kazi yao kwamba maadamu saa ya ukumbi haijafika, kikao hakijafungwa, na siku haijaisha.

Jumamosi asubuhi, saa mbili na robo, mama yetu alifariki kwa kiharusi cha ghafla. Nilimpigia simu mdogo wangu mwenyewe ukumbini, akasema, “Kaka, nikitoka humu, na hawa wanatoka,” nami nikakata simu. Tulimzika mama Jumapili saa nane mchana, na mnamo saa tisa mapatano yakatiwa saini, yakiandikwa tarehe ya Ijumaa, na malori yakavuka daraja.

Alifika nyumbani Jumatatu. Mimi, niliyeandika vyeti vya vizazi na vifo kwa miaka thelathini na moja, na ambaye sikupata kubadilisha tarehe hata kwa kuombwa na mkubwa wangu wa kazi, nilimwambia mbele ya shangazi zetu, “Kwenye karatasi zako mama bado yu hai, nenda kamsalimie.” Hatukuzungumza tena kwa miaka tisa na nusu, na kosa hilo nalisoma kama lilivyo, kwa kuwa ni langu.

Januari mwaka huu madaktari waligundua kuwa ana saratani ya kongosho. Tarehe 12 Mei shemeji alinipigia simu akasema, “Shemeji, yeye anasema bado, na wewe unasema bado, nani atatangulia?” Kesho yake nilikuwa wodini. Aliniuliza kama bado navaa soksi zilizotoboka, nami nikamwambia ndiyo, nikavuta kiti nikakaa.

Jambo la pili ni hili. Binti yake alikuwa masomoni ng’ambo na asingeweza kufika kabla ya Jumapili, na daktari alikuwa amesema mgonjwa hatavuka Ijumaa, naye mgonjwa alisikia. Jumamosi mchana alifumbua macho akaniuliza, “Kaka, leo siku gani?” Nikamjibu kwamba ni Ijumaa. Akatazama ukutani, ambako palikuwa na msumari mtupu, akatabasamu, akasema, “Basi bado kidogo.” Alipoamka tena jioni aliuliza vilevile, nikamjibu vilevile.

Binti yake aliingia wodini Jumapili tarehe 19 Mei 2019, saa tatu asubuhi, akamshika mkono. Marehemu alifariki saa nne na dakika kumi. Cheti nimekihakiki mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari kwa uaminifu wao, majirani waliokesha nasi na kutupikia, wafanyakazi wenzake wa jumuiya waliosafiri kutoka nchi zote saba, wakiwemo wajumbe wa zile mbili waliokuja katika gari moja, na muuguzi wa zamu aliyekubali kushusha saa ya ukutani bila kuniuliza sababu.

Leo ni Jumatano, tarehe 22 Mei 2019. Kikao kimefungwa, Bwana Bado, na wote wametoka salama. Pumzika kwa amani, mdogo wangu, na ukifika kwa mama, mwambie kaka anakuja, bado kidogo.