Restuta Kokushubila, Mwalimu wa Falaki Asiyepiga Ramli

Mwalimu Restuta Kokushubila, ambaye leo ananyamaza mbele ya watu kwa mara ya kwanza, alizaliwa tarehe 12 Juni 1971 Kashozi, Bukoba, binti wa marehemu Mzee Anselmi. Alikuwa mtoto mwoga. Elimu ya ulimwengu aliianzia kwa mjomba wake, huyu anayewasomea, aliyeishia darasa la saba kwa kuwa la nane lingemchelewesha. Mjomba alimfundisha kwamba dunia imekaa juu ya pembe ya ng'ombe. Akichoka, huihamishia pembe ya pili, ndipo ardhi hutetemeka. Wiki nzima mtoto alitembea kwa kunyata, asije akamchosha ng'ombe.

Alisoma msingi Kashozi, kisha sekondari ya Rugambwa, na mwaka 1996 akahitimu fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Alifika London mwaka 2001, akafundisha sekondari huko Southall, fizikia pamoja na falaki, elimu ya nyota. Aliwatoa wanafunzi uwanjani: mmoja asimame katikati awe dunia, wenzake wamzunguke. Kisha, "Toka hapo, mpishe jua!" Baadaye jua nalo hufukuzwa hadi kwenye uzio, kwa kuwa hata lenyewe haliko katikati ya nyota. "Kila tulipogundua hatuko katikati tuliogopa," aliwaambia, "na bado tukaendelea kutazama." Somo hilo alilifungua kwa ng'ombe. Wataalamu wa mbingu ni wengi, lakini Southall wa kwanza kutajwa ni Mjomba.

Tarehe 14 Agosti 2004 alifunga ndoa na Deus Rwegasira, muuguzi. Deus alipopiga simu nyumbani kwamba anaoa mwalimu wa falaki, mama yake alipiga kelele. Kwake yeye, falaki ni ramli. "Mwanangu, huyo anaijua siku yako ya kufa!" Deus akacheka mpaka simu ikakatika.

Novemba 2024 Restuta aligundulika ana saratani ya kongosho, na kicheko cha Deus kikaisha. Muuguzi mzima, akaanza kuliogopa neno la mama yake. Mkewe akisimama dirishani kutazama juu, yeye huvuta pazia. Siku alipomkuta anakunja nguo zake na kuzipanga sandukuni, alisimama mlangoni.

"Mama Lorraine, usinifiche. Siku umeiona?"

"Siku gani?"

"Huko juu."

Wala hakumcheka. "Baba Lorraine, mwanga wa nyota uliondoka kule zamani, ndiyo kwanza unafika. Falaki yangu huona yaliyopita. Ya kesho siyaoni. Naogopa kama wewe."

"Na hizi nguo?"

"Zimenipwaya, nampa Lorraine. Hebu njoo ukae hapa."

Alikaa. Tangu hapo waliogopa pamoja, kwa sauti, bila kufichana, hadi tarehe 3 Machi 2025, Restuta alipofariki nyumbani kwao Kingsbury, London, mkono wake ukiwa mkononi mwa Deus.

Ameacha mume, watoto wawili, Lorraine na Bonface, mama mkwe anayemlilia kuliko wote, na mjomba mmoja asiye na wa kumbishia. Mungu ampe pumziko jema. Zamu ya kuogopa atuachie sisi.