Mwalimu Kaleb Semkiwa na Lugha Iliyombakia

Wasifu huu unasomwa na dada yake, Loyce.

Mwalimu Kaleb alizaliwa hapa Mnyuzi tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili wa Mzee Joseph na Mama Yuditha, mimi nilimtangulia. Alisoma shule ya msingi hapahapa, sekondari Korogwe, kisha chuo kikuu Dar es Salaam. Mwaka 1985 alipata ufadhili wa kwenda Ibadan, Nigeria, kusomea vitenzi vya Kiyoruba na vya lugha jirani zake. Baba hakuamini. Nami sikuamini.

"Miaka yote hiyo unasomea neno moja?" nilimwuliza alipokuja likizo.

Akanieleza kwamba kule kitenzi cha kula, jẹ, kikikaa na deni ni kudaiwa, kikikaa na cheo ni kutawazwa, kikikaa na urithi ni kurithi. Nikamwambia hapo pana jambo anatuficha. Akacheka. "Dada, wewe umekula kiapo, umekula hasara, chumvi ndiyo usiseme. Meno ulitumia wapi?"

Na jambo lilikuwepo. Mwaka 1989 alirudi na mke, Folake, aliyefunga naye ndoa hukohuko. Walijaliwa binti, Salome. Marehemu alifundisha Handeni hadi alipostaafu mwaka 2017. Wifi alijua Kiswahili na Kizigua upesi mno, na mimi mtu wa upesi namwogopa.

Februari 2025 alipigwa na kiharusi. Sauti iliporudi, Kiswahili kilikuwa kimekwenda, Kizigua kimekwenda, kimebaki Kiyoruba tu. Daktari alisema hutokea. Mimi nikaona kaka yangu haniiti dada bila mkalimani, na mkalimani ni mkewe!

Wifi alitafsiri: "Anasema azikwe hapa, kando ya mama." Basi. Maneno marefu vile, tafsiri fupi hivi? Nilihofia nyumba na shamba vitaondoka tukitazama.

Nikamleta Awadhi wa Kabuku, dereva aliyewahi kuishi Lagos. Alikaa na mgonjwa wifi akiwa sokoni, akatoka taratibu.

"Mama, hayo mkewe aliyokutafsiria ni kweli, ila amekata. Kila mara mzee anaongeza: nyumba na shamba ni vya Folake, mtu asimhamishe."

Wifi aliporudi nikamwuliza kwa nini hayo hakuyasema. Aliendelea kukunja shuka za mgonjwa.

"Wifi, ungeniamini?"

Nikashika ncha ya pili ya shuka, tukakunja.

Mwalimu Kaleb alifariki nyumbani kwake tarehe 9 Juni 2025. Ameacha dada mmoja, binti mmoja, wajukuu wawili, na mjane, Folake, ambaye nyumba hii ni yake na shamba lile ni lake. Nimesema kwa Kiswahili, mbele ya ukoo wote. Hapo hahitajiki mkalimani.

Kaka, pumzika kwa amani.