Nyumba ya Kibiwott Inafutwa Jioni

Kijiwe chetu ni mbao moja ya lori juu ya matofali, hapa Kitale, nyuma ya stoo za mahindi. Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, ile miezi mvua ilikataa kuisha, na Gicheru alikuwa amefunga turubai juu ya jiko lake la kahawa tusinyeshewe. Kushoto anakaa Absalom wa Bumula, tunamwita Redio kwa sababu hazimwi. Katikati ni Mathenge, Kamishna, zamani askari wa manispaa, na mpaka leo bado anauliza watu wanatoka wapi. Mimi nakaa mwisho. Naitwa Ngumbaru, jina la darasa la watu wazima, kwa sababu nilijua kusoma nikiwa tayari na wajukuu. Sikasiriki. Siku hizi nasoma mpaka yale maandishi madogo ya chini kwa pakiti ya majani chai. Sasa siku hiyo habari ilikuwa moja tu: Mwalimu Edah, yule anafundisha watu wa koleji kuandika, ananyang'anywa kompyuta zake jioni, zipewe darasa la kutaipu, na kila kitu kilichoandikwa ndani kifutwe.

Redio: Wacha wamnyang'anye! Mwalimu gani hasemi kitu? Darasa mzima kimya, kila mtu anaangalia kioo, anagonga-gonga tu.

Mimi: Wanasoma, bana. Mimi nimeingia huko. Mwalimu alinialika na wenzangu wa ngumbaru tuone. Zile mashini zimeunganishwa na waya. Kila mwanafunzi anaandika nyumba, na wenzake wanaitembelea kwa kusoma, wakiwa wamekaa tu kwa viti vyao.

Redio: Wanatembea wamekaa. Mnasikia huyu?

Mimi: Ukifika kwa nyumba ya mtu na hajaandika mlango uko upande gani, unabaki nje. Unamwuliza. Anaandika tena, mpaka mgeni apate njia. Mwalimu haweki alama nyekundu hata moja.

Kamishna: Nyumba ya nani hiyo wanaandika?

Mimi: Kila mtu kwao.

Kamishna: Hapo sasa! Kila mtu kwao, kwa mashini moja! Na hapa, ile miaka ya vita vya makabila, watu wamechomewa nyumba kwa sababu ya kuulizwa kwao ni wapi? Mimi nimekuwa serikali. Hiyo ni hesabu ya watu inafanywa kichinichini.

Gicheru: Kamishna, kazi yako ilikuwa kufukuza akina mama wa ndizi. Serikali gani?

Kamishna: Ongeza kahawa, wacha mdomo.

Gicheru: Imebaki kidogo. Mkaa umelowa, sipiki ingine.

Redio: Si hesabu ya watu, Kamishna. Ni ploti! Hawa watoto wanajigawia ploti huko ndani wakati sisi tumelala. Utaamka siku moja uambiwe Trans-Nzoia imeisha, ile ya udongo na ile ya kompyuta.

Tulicheka, lakini si sana. Nikawaambia ile sheria ya Mwalimu, kwa sababu ndiyo ilinifurahisha zaidi. Hauingii tu kwa nyumba ya mtu. Unaandika hodi, unangoja. Mwenyewe akisikia, anaweka neno lake la siri, lile alichagua peke yake, ndiyo maneno ya ndani yanafunguka. Mwalimu mwenyewe hana hilo neno. Alisema mwalimu haingii kwa nyumba ya mtu bila kukaribishwa, ati ndivyo alivyolelewa kwao Bungoma.

Mimi: Kuna kijana, Kibiwott, wa huko Cheptais. Aliniona nimesimama nyuma kama mgeni wa arusi. Akaniambia, mzee, bisha hodi kwetu. Nikagonga herufi moja moja. H. O. D. I. Akanifungulia. Mstari wa kwanza nilisoma mwenyewe, hakuna mtu alinisaidia. “Vua gamboti hapo nje. Mama amepaka sakafu asubuhi.” Nikaangalia miguu yangu, wallahi.

Gicheru: Si ndiye yule alikufa?

Mimi: Ndiye. Homa ya mapafu, wakati wa likizo.

Wakati huo mtu aliingia chini ya turubai. Mzee mrefu, koti imelowa, gamboti zake za mpira zimejaa udongo mwekundu mpaka juu. Akasalimia, akaomba kahawa. Gicheru akampa kikombe na kikapu kilichogeuzwa akalie. Kamishna alikuwa anataka kumwuliza anatoka wapi, lakini Redio alikuwa ameshapata moto.

Redio: Sasa sikizeni hiyo maneno ya Kibiwott. Mimi naambiwa na mama anafagia huko. Kila siku hao wanafunzi wakifika, kitu ya kwanza ni kwenda kwa nyumba yake, hodi, hodi. Mtu anabishia maiti? Si wanajua yuko ndani! Aliingia, hakutoka. Ile kitu ilirudishwa Cheptais kwa sanduku ilikuwa ngozi tu.

Kamishna: Redio, wewe ni mgonjwa.

Redio: Ngozi tu, nakwambia! Mwenyewe amekaa huko kwa mashini, anasikia, anakataa kufungua. Na leo jioni watu wa kutaipu wakifuta kila kitu ndiyo wapate nafasi, ndiyo atakufa mara ya pili.

Mzee akaweka kikombe chini, polepole.

— Nilimuosha mwenyewe, akasema. Hakuwa ngozi.

Redio alishika kofia yake, akaitoa kichwani.

Redio: Mzee... pole, mzee wangu. Mimi ni mdomo tu. Uliza hawa.

— Hakuna shida. Mimi naitwa Kiptanui, baba yake. Natafuta hiyo koleji. Mwalimu alituma mtu kwangu, ati nikuje kabla ya jioni. Ati kijana aliandika nyumba yetu, ile ya zamani, kabla ya kuchomwa. Sasa imefungwa na neno lake, na huyo Mwalimu hana. Anasema labda mimi nitalijua.

Mimi: Si ungekuja na mama yake? Akina mama wanajua haya mambo.

— Alikataa. Amesema ametoka hiyo nyumba mara moja ikiwaka, hawezi kuingia tena ndiyo atolewe.

Aliangalia Redio, akaangalia Kamishna, akaniangalia mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anauliza njia.

— Nyinyi watu mna watoto?

Kamishna: Wako, mzee.

— Mtoto wako akiwa na neno moja, la kufunga nyumba, anachagua gani?

Kamishna aligeuka akaangalia ile mvua. Redio alikuwa anageuza kofia kwa mikono. Mimi nilifikiria Nekoye wangu, yule wa mwisho, aliye Bungoma. Nikajaribu jina la ng'ombe, jina la nyanya yake, wimbo wa kanisa. Sikupata hata moja ningeweza kuapa kwamba ni lake. Nasoma sasa, lakini hilo sikuwa nimewahi kulisoma popote.

Mzee alingoja, kwa adabu, vile mtu anangoja kwa mlango. Halafu akamrudishia Gicheru kikombe.

Gicheru: Ningekuongezea, mzee, lakini imeisha.

Akainamisha birika atuonyeshe. Yalitoka masimbi tu, yale machicha ya chini.

Mimi: Twende, nikuonyeshe njia. Na kama kuna kusoma, nitakusomea.

— Asante. Mimi sikuingia shule.

Tulitoka chini ya turubai. Kwa ukingo wa mtaro akasimama, akatafuta kijiti, akaanza kukwangua udongo wa gamboti zake. Upande huu, halafu upande ule, mpaka kwa kisigino. Nikamwambia awache, mzee, barabara yote ni matope kutoka hapa hadi koleji, zitachafuka tena.

— Najua, akasema. Lakini mama yake hapendi mtu aingie na matope.

Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie ule mstari niliosoma. Nikaufunga. Nikachukua kijiti changu, nikainama, nikaanza na viatu vyangu.