Mzee Gedion Mbaabu na Kosa Alilolibeba

Mzee Gedion Mbaabu alizaliwa Kinoru, Meru, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa marehemu Mithika na marehemu Kagwiria, waliokuwa wakulima wa kahawa. Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, akaenda shule ya bweni Embu, na mwaka 1972 akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea usanifu wa majengo. Alihitimu mwaka 1978.

Mwaka huo huo serikali ilimwajiri na kumpeleka Embu, na huko akampata Mwalimu Virginia Wawira. Siku ya kujitambulisha kwa wakwe alikaribishwa chai, lakini macho yake yakawa kwenye mlango wa jikoni. Akasema umeelekezwa upande wa upepo, ndiyo sababu moshi hautoki. Baba mkwe, Mzee Nyamu, akamuuliza, "Wewe umekuja kuoa ama kukagua jikoni?" Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981. Kufikia siku hiyo, mlango ulikuwa umeshahamishwa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kinya na Murungi.

Mwaka 1987 alifungua ofisi yake Makutano. Shule, zahanati na nyumba nyingi kutoka Embu hadi Maua zilichorwa kwenye meza yake. Maoni hakuyabania, hata asipoulizwa. Alisema nyumba isiyo na mahali pa kuanika maharagwe imejengewa wageni. Aliipenda Peugeot yake kuukuu kwa sababu gari likiharibika Chogoria, fundi wa Chogoria anapaswa kuliweza. Simu aliisifia tochi tu. Na kompyuta ilipoletwa ofisini alisema, "Inachora vizuri, lakini haijawahi kunyeshewa."

Mama ameruhusu yafuatayo yasomwe na yachapishwe. Mwaka 2017 ofisi ilipewa kazi ya ukumbi wa kanisa moja karibu na Maua. Wengi wenu mnaamini Mzee ndiye aliyeuchora. Aliyeuchora ni mwanawe, Murungi. Ndiye anayewasomea. Ni mimi.

Baba alipoona ramani mbele ya kamati ya kanisa alisema, "Paa hili limelala sana. Mvua ya Novemba itakaa juu yake." Nikaona haya, wateja wakinitazama. Nikamjibu, "Mzee, hayo ni ya zamani. Tuachie kazi." Alichukua kofia yake akaenda kukaa ndani ya gari. Kwa vile mimi sikuwa nimesajiliwa bado kama msanifu, wiki iliyofuata ramani ililetwa kwake, akaigonga muhuri.

Novemba 2019 maji yalijaa juu ya paa, na dari ikaanguka kwaya ikifanya mazoezi. Mama Veronicah, mwalimu wa kwaya, alivunjika mguu. Mko naye hapa leo, na fimbo yake mnaiona. Kamati ilipokutana nilikuwa nimekaa kando ya Baba. Alisimama kabla sijafungua mdomo. "Muhuri ni wangu," akasema. "Kosa ni langu." Nami nilibaki nimekaa.

Baada ya hapo alifunga ofisi kwa hiari yake. Siku moja nikiwa hotelini Makutano, nilisikia watu wa meza ya pili wakisema Mbaabu amezeeka, haoni tena mistari. Nilimaliza chakula changu.

Mwaka uliofuata nilimuuliza kwa nini aligonga muhuri ilhali alijua. "Nilikuogopa," akasema. "Sikutaka unione mshamba. Kwa hivyo niliposema kosa ni langu, sikuidanganya kamati." Nikamwambia nitaenda kuieleza kamati. Akasema, "Utasema siku utakayoweza." Alikuwa na miaka mingine mitano ya kuishi. Sikuweza.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Hata kitandani hospitalini alilalamikia dirisha lililowekwa juu mno: "Mgonjwa aone mbingu tu, kana kwamba ameshaondoka?" Wauguzi walicheka, wakamsogeza mahali alipoweza kuona miti. Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, Mama akiwa amemshika mkono.

Juzi nilienda kwa Mama Veronicah kuomba msamaha. Alinipa kiti, hakunipa jibu. Sikumdai. Wanakamati mlio hapa, ningepaswa kuja kwenu Baba akiwa hai, akae pale asikie. Ninyi mmesikia leo. Yeye hakusikia.

Mzee Mbaabu ameacha mjane, Mwalimu Virginia Wawira, binti, Kinya, mwana, Murungi, dada yake, Gatwiri, na wajukuu wanne. Leo tunamrudishia jina lake. Baba, lala kwa amani.