Tadjiddine Mohamadi, Mtu wa Fremu Tupu (1952–2023)

Assalaamu alaykum ndugu zangu, majirani wa Tanambao, na nyinyi mlioondoka Nosy Be jana mara tu mlipopata habari, mkavuka hadi Ankify na kukesha njiani ili mfike hapa Mahajanga kabla ya sala ya Ijumaa. Mimi ni Ibouroi, mdogo wake Zalia, yaani shemeji wa marehemu, na familia imenituma niwasomee historia yake kabla hatujamsindikiza makaburini. Marehemu aliacha maneno kwamba isomwe kwa Kiswahili, lugha ya wazee wake, ambayo siku hizi sisi tumebaki nayo kwenye dua, kwenye vipimo vya sokoni na kwenye majina ya kamba za vyombo vya baharini, na kwa kuwa katika ukoo mzima ni mimi tu niliyekisoma darasani, kule Unguja, kazi imeniangukia mimi, na si kwa sababu tulikuwa tunapatana sana. Asiyeelewa asiwe na wasiwasi, binti yake Charifa ataeleza yote kwa Kimalagasi, na akipunguza mahali popote nitamsahihisha.

Marehemu Tadjiddine Mohamadi alizaliwa tarehe 9 Aprili 1952 huko Marodoka, kisiwani Nosy Be, akiwa mtoto wa tano wa Mzee Mohamadi Daoudou, fundi cherehani, na Bibi Echata, na wote waliomwona siku hiyo walikubaliana kwamba alikuwa na macho mazuri. Kwa sura yalikuwa mazuri kweli, lakini kuona yalikuwa hayaoni zaidi ya urefu wa kiganja.

Alisoma Qur'ani hapo hapo Marodoka, na mwaka 1959 akaanza shule ya msingi mjini Hell-Ville, ambako kwa miaka sita alihesabiwa kuwa mzito wa akili, kwa kuwa ubao ulikuwa mbali na yeye alinakili chochote alichoandika jirani yake, pamoja na jina la jirani. Tarehe 3 Novemba 1965 muuguzi mmoja aliyepita kupima wanafunzi aligundua ukweli, baba yake akamnunulia miwani yenye vioo vinene kuliko kidole, na marehemu akaona kwa mara ya kwanza majani juu ya mti, herufi ubaoni, na wenzake darasa zima wakimcheka. Walimwita Macho Chupa hadi alipoacha shule mwaka 1968, na nawaomba mlishike hilo jina, maana mengi nitakayoyasoma yasingetokea kama watoto wale wangekuwa na adabu.

Baada ya shule alifanya kazi katika duka la baba yake, akitunga uzi kwenye sindano ndogo kuliko zote bila taabu, kwa sababu kwa karibu hakuna aliyemshinda kuona, na tarehe 2 Oktoba 1978 alihamia hapa Mahajanga kuajiriwa na Mzee Elamine, mwenye duka la miwani. Safarini ile miwani yake minene iliishia majini pale gati la Ankify, yeye alisema ilidondoka, waliofuatana naye walisema aliitupa, tena kwa nguvu, na tangu siku hiyo hakuvaa lenzi nyingine maishani mwake, jambo ambalo kwa mtu anayekwenda kufanya kazi kwenye duka la miwani linahitaji maelezo.

Maelezo yalikuwa stoo. Mfaransa aliyekuwa na duka lile kabla ya Mzee Elamine alikuwa ameacha makasha manne ya fremu za Paris, za miaka ya hamsini na sitini, ambazo wabunifu wake walikuwa wakubwa enzi hizo na ambazo Mahajanga nzima ilikuwa imezisahau, na marehemu alipofungua kasha la kwanza alikaa chini, akasogeza fremu moja hadi kwenye kope, na hakula mchana. Zilikuwapo za rangi ya asali, za pembe ya ng'ombe, za kike zenye ncha zilizonyanyuka kama macho ya paka, zenye bawaba za meno matano na pini za fedha zilizogongwa kwa mkono, na ndani ya kila mkono wa miwani jina la mbunifu limechapwa kwa herufi ambazo yeye peke yake aliweza kuzisoma bila kioo cha kukuzia. Alitwambia, na alitwambia kila siku, kwamba fremu mpya humfanya mtu aonekane amenunua miwani, lakini fremu ya kale humfanya aonekane ana habari zake. Yeye mwenyewe alizivaa tupu, bila kioo, kwa hoja kwamba lenzi zake zingeipasua plastiki ya zamani, na zisipoipasua zingeiaibisha, na kwa hiyo alivuka barabara akiwa ameshika mkono wa yeyote aliyekuwa karibu, na wengine aliendelea kuwashika hata walipokwisha kufika makwao.

Hakumpa mtu fremu aliyoitaka mtu, alimpa iliyomfaa, baada ya kumpapasa pua kwa kidole gumba mbele ya wateja wote, na hata khatibu wetu, aliyetaka ya dhahabu, aliambiwa kwa heshima zote kwamba pua yake ni ya mwaka 1962 na haina haraka ya dhahabu. Mabwana harusi wa Tanambao walikuja kuazima kwa ajili ya picha, na ndiyo maana ukipita nyumba kwa nyumba utaona ukutani wanaume ishirini na kitu wasio na undugu wowote, wote wamevaa fremu moja ya pembe na wote wanaonekana kama mawakili, nami ni mmoja wao, mwaka 1985, na picha ile naipenda.

Tarehe 15 Agosti 1981, siku ya Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, marehemu alifunga ndoa na dada yangu Zalia, ambaye familia yake, yaani sisi, ilikuwa imerudi kutoka Ngazidja mwaka uliotangulia, baada ya kuukimbia mji huu kwa vurugu za Desemba 1976, ambazo leo si siku yake. Kwa desturi yetu bwana harusi huletwa kwa maandamano hadi nyumba ya mke, na ndiko atakakoishi, na marehemu, akiwa na joho la kudariziwa na fremu ya rangi ya asali isiyo na kioo, alikataa kushikwa mkono, akatangulia mbele ya watu mia mbili na matari yao, akaingia kwa hatua za kujiamini nyumba ya jirani, kwa Bibi Kadidja, mjane wa miaka sabini aliyekuwa akikaanga muhogo, na akaketi kitandani. Kwa kuwa bwana harusi akishaketi hainuliwi mpaka ale, Bibi Kadidja alimpa muhogo, akaula wote na kuusifu, huku Zalia akisubiri nyumba ya pili na maandamano yakiwa yamesimama uani pasipo na mtu aliyejua aimbe nini. Hadi Bibi Kadidja alipofariki mwaka 1993 marehemu alimwita mkwe na kumpelekea nyama kila Idi.

Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto wawili, Charifa, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1983 na ambaye sasa ni muuguzi, na Daoudou, aliyezaliwa tarehe 20 Februari 1987. Alikuwa baba mpole, hilo nalisema bila kulazimishwa, lakini dada yangu alikuwa na huzuni moja aliyoificha kwa kelele, nayo ni kwamba mumewe alimjua kwa vipande tu, jicho leo, shavu kesho, na hakuwahi kumwona akiwa mzima, amesimama, amevaa. Zalia ni mwanamke wa kuvaa, wote mnajua. Idi ya mwaka 1994 alitoka uani na gauni jipya la kijani, akakuta marehemu amesimama mbele ya pazia jipya lililoanikwa kwenye kamba, analisifu kwa maneno matamu kweli, analiambia kwamba kijani kimeipendeza rangi yake na kwamba limezidi kunawiri tangu ndoa, na Zalia nyuma yake akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani akavua.

Duka lilifungwa mwaka 2009, marehemu akastaafu na kurudi nyumbani na fremu sitini na tatu zilizobaki, na mwaka 2012 macho yote mawili yakaanza kufunga ukungu wa mtoto wa jicho, kiasi kwamba hata kile kiganja kimoja cha kuona kikaanza kumpotea. Daktari alimweleza kwa furaha kwamba upasuaji ni mdogo, kwamba atawekewa lenzi ndani ya jicho lenyewe, na kwamba akishapona ataona mbali kama kijana na hatahitaji miwani tena, na marehemu aliyapokea maneno hayo kama mtu anayesomewa hukumu. Aliomba muda wa kufikiri, akafikiri miaka mitano. Zalia alimbembeleza, akamnunia, akamsusia kupika siku tatu, akaniita mimi niseme naye, nikasema naye, akaniambia kwamba mtu anayeona vizuri na bado amevaa fremu ni mwongo, na yeye hajawahi kudanganya mtu.

Ndipo mwezi wa Januari 2017 dada yangu alipofanya jambo aliloniruhusu kulitaja leo. Alikwenda sokoni, akatafuta fremu ya plastiki ya kawaida yenye uzito na umbo la ile ya asali, akaisugua mafuta ya nazi mpaka ikalainika kama ya zamani, na marehemu alipokuwa akitawadha akaibadilisha. Aliivaa siku tisa. Siku ya kumi, Ijumaa, tulipokuwa wanaume saba barazani kwake, aliivua kutuonyesha jinsi mafundi wa zamani walivyojua kazi, akatwambia tuguse bawaba, akatwambia kwamba vitu kama hivi havitengenezwi tena duniani, kisha akanipa mimi niwasomee wenzangu jina la mbunifu lililo ndani ya mkono, kwa kuwa macho yake yamechoka, na mimi, ambaye hakuna aliyeniambia kitu, nikasoma kwa sauti ya darasani kwamba imetengenezwa China.

Hakukasirika, na ingekuwa heri angekasirika. Aliipokea, akaipapasa pini kwa ukucha, akairudisha puani ili asituaibishe sisi wageni, akauliza kama kuna aliyebakiwa na chai, na Jumapili akamwita Charifa na kumwambia amtafutie siku ya upasuaji. Zalia alilia siku mbili, akidhani amemvunja.

Alipasuliwa jicho la kwanza Jumanne tarehe 14 Machi 2017, na kesho yake asubuhi bendeji ikafunguliwa, na dada yangu, aliyeipigania siku hiyo miaka thelathini na mitano, hakwenda. Alisema ana mchele wa kupepeta. Ukweli ni kwamba aliogopa, kwa sababu kama mumewe aliwahi kumwona, alimwona kwa kukisia tu, msichana wa miaka kumi na tisa, naye sasa ana hamsini na nne na magoti yanayouma. Marehemu aliletwa nyumbani na Charifa, akasimama mlangoni, Zalia akiwa upande wa pili wa ua na ungo wake, hajui kama wamefika, na Charifa anasema alisimama pale muda mrefu hata miguu ikamuuma yeye kijana, kisha baba yake akamnong'oneza kwamba hakujua mama yake akipepeta mchele huzungumza bila kutoa sauti.

Na hivyo ndivyo siri ilivyofichuka kwamba dada yangu, kwa muda wote wa ndoa, alikuwa akimsema mumewe kwa midomo mitupu kutoka upande wa pili wa ua, kila siku, kwa kirefu, akijua haonekani. Marehemu alisimama akamsoma mpaka alipofika mwisho, kisha akamjibu kwa sauti, hoja kwa hoja, na ungo ukaanguka. Mchele ule tuliuokota sote. Tangu siku hiyo alizivaa fremu zake tupu alipotoka kwenda msikitini au mjini, na aliyetaka kumwita mwongo alimwita, lakini akiwa nyumbani alizivua, kwa maelezo kwamba ukingo wa fremu unamkata Zalia mabegani asionekane mzima, na dada yangu akaanza kunilalamikia kwamba hawezi hata kumenya kitunguu bila kutazamwa, na alilalamika akiwa amevaa gauni jipya.

Marehemu alianza kuugua moyo mwezi wa Januari 2023, akalazwa hospitalini hapa mjini tarehe 8 Mei, na hapo alizusha ugomvi wake wa mwisho, kwa sababu kiti cha Zalia kiliwekwa karibu na mto, kama wanavyokaa watu kwa wagonjwa wao, na yeye alitaka kiwekwe kule mlangoni, aweze kumwona mzima. Mara mbili wauguzi walikirudisha karibu na mto, wakidhani homa imempanda. Alifariki dunia jana, Alhamisi tarehe 25 Mei 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, macho yakiwa wazi na yakitazama upande wa mlango, na ilibidi Zalia avuke chumba kizima kuja kuyafumba.

Familia inawashukuru madaktari wa macho na wa moyo, wauguzi wote na hasa yule aliyekubali kukiacha kiti pale mlangoni, wenzake wa zamani wa dukani, majirani waliopika tangu jana, na khatibu wetu, aliyesamehe suala la dhahabu. Wenye fremu walizoazima tangu harusi zao, mjane anasema kaeni nazo, mradi mzivae.

Historia hii, katika nakala ya Kimalagasi atakayoitumia Charifa, nilimpelekea Zalia leo alfajiri aikague, naye aliisoma yote bila kunirudishia neno, mpaka mahali nilipoandika kwamba waliishi pamoja miaka arobaini na moja. Hapo aliomba kalamu. Hakufuta kitu, aliongeza pembeni kwa mwandiko wake, na ameniagiza nisome kama ilivyo, maneno yake mwenyewe: kati ya hiyo, miaka sita, miezi miwili na siku kumi alinitazama, na hazikunitosha.

Shemeji Tadjiddine, umekwisha kuona, Mola wako akupe mapumziko ya amani.