Paka wa Nkwabi Analilia Nini

Mjomba wa mama yangu, Nkwabi, aliuza samaki wakavu Mirongo, mjini Mwanza, miaka michache kabla ya vita vya pili vya dunia. Watu walimwita Furu, kwa jina la wale samaki wadogo. Jioni alikaa kwenye benchi nje ya duka la Mhindi Sadru, mahali Venant, Mhaya wa Bukoba, alipouza kahawa. Wenzake wa benchi walikuwa Chenge, mpagazi wa marobota ya pamba, waliyemwita Karani, na Mayala, mfagizi wa hospitali, waliyemwita Daktari. Siku ninayoisimulia, Furu alifika amewaka hasira. Wazazi wa Teodora, binti wa kijiji cha Nyegezi aliyekuwa akimposa, walikuwa wamekuja jana yake kuitazama nyumba yake. Walipokuwa wamekaa, paka wake aliingia, akasimama mbele ya Furu, akalia bila kukoma. Asubuhi iliyofuata walituma neno: katika nyumba ambayo hata paka analia njaa, binti yao haendi.

FURU: Njaa! Paka wa muuza samaki! Alikula kichwa cha sato mbele ya macho yao, tumbo likamjaa kama ngoma, ndipo akaanza kulia!

DAKTARI: Hiyo minyoo. Mnyoo ukipanda kooni, mgonjwa husema ovyo. Nimeona hospitali.

FURU: Umeona ukifagia.

DAKTARI: Nafagia, sijafumba macho.

KARANI: Minyoo gani! Huyo kapewa dawa. Yuko mtu anamtaka Teodora, kamtuma paka akuaibishe mbele ya wakwe.

FURU: Mbona hulia hata wakwe wasipokuwepo? Kila nikirudi analia!

KARANI: Anajizoeza.

Furu alisimama, akakaa tena.

DAKTARI: Au anasema Kihindi. Si alizaliwa humu ghalani kwa Sadru?

Sadru alitoa kichwa dirishani.

SADRU: Kihindi gani, Daktari? Amekaa kwangu mpaka amekuwa mkubwa, hajanililia hata siku moja! Nilimpa Furu paka kimya kabisa. Huko kwake ndiko alikoharibika.

FURU: Umesikia! Sasa mimi ndiye namharibu!

VENANT: Mimi naona anakusalimia. Anakwambia shikamoo, huitikii, anarudia.

KARANI: Basi ndiyo sababu wakwe wamekataa! Wameona mtu asiyeitikia salamu nyumbani kwake!

FURU: Nyamazeni! Nimemchunguza huyu paka. Akikutana na paka wenzake kule mwaloni, samaki wanaposhushwa, wanaangaliana, wananusana, wanapishana. Kimya, labda wagombane. Akiniona mimi tu, nyau, nyau, nyau! Kuna samaki wa watu pale wamejaa, lakini wale akina mama wanaowauza hawalilii. Ni mimi peke yangu! Nimemkosea nini? Kesho namtia guniani, namvusha kwa mtumbwi mpaka kisiwani Ukerewe.

KARANI: Huko nako atalia.

FURU: Alie kwa Wakerewe!

Hapo mwanamke wa makamo aliyekuwa akinunua chumvi alitoka dukani, akasimama mbele ya benchi.

FURU: Shikamoo, mama.

— Marahaba. Mimi Wilhelmina, shangazi yake Teodora. Neno la kaka yangu limenifikia, nikaona nije niulize mwenyewe.

Karani alijimwagia kahawa gotini. Furu alivua kofia.

WILHELMINA: Huyo paka akikulilia, wewe hufanya nini?

FURU: Nifanye nini, mama? Nasimama mlangoni.

WILHELMINA: Umenyamaza?

FURU: Nitanyamazaje, naye ameniuliza? Namwambia nimerudi. Namwambia leo mvua imetunyeshea, samaki hawakukauka. Akilia tena, namjibu tena. Tangu mama afariki, mle ndani nimwambie nani mwingine?

DAKTARI: Kumbe mnazungumza!

FURU: Anaanza yeye!

Wilhelmina hakucheka. Alifunga chumvi yake kwenye pindo la khanga.

WILHELMINA: Paka asivuke. Kaka yangu nitamwambia leo kwamba njaa haipo kwako, na kwamba Teodora akisema neno, atajibiwa.

Furu alianza kushukuru. Shangazi alikuwa ameshawageukia wale wengine.

WILHELMINA: Na ninyi wenye wake. Jana mliporudi nyumbani, wake zenu waliwaambia nini?

Karani alifungua kinywa. Daktari alimtazama Karani. Venant alitikisa birika; kahawa bado ilikuwemo, lakini hakuna aliyenyoosha kikombe.