Jina la Mwalimu Saruni Hatujalitoa

Ndugu waombolezaji, itifaki imezingatiwa mara tatu tangu asubuhi, naomba nisiirudie, jua ni kali na mliosimama nyuma hamna turubai.

Baba yetu, Mwalimu Saruni Lemomo Lukumay, alizaliwa hapa Ngaramtoni tarehe 14 Agosti 1959, mtoto wa pili wa mzee Lemomo na bibi yetu Namnyaki, akabatizwa katika usharika huu, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967, akamaliza kidato cha sita mwaka 1979, akaenda jeshi la kujenga taifa, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikopata shahada ya sayansi ya siasa mwaka 1984.

Alifundisha sekondari hadi mwaka 1996, alipoajiriwa kuwa mhadhiri katika chuo ambacho wawakilishi wake wameketi hapa mbele, na mwaka 1999 akaanzisha midahalo ya Jumamosi, ambako wagombea wa vyama vyote walikaa meza moja, na mtu yeyote, awe wa mtaa wa Sombetini au wa Kimandolu, aliingia, akanyoosha mkono, akauliza. Alichotaka ni hicho tu, mwomba kura na mpiga kura wawe chumba kimoja.

Alifunga ndoa na mama yetu, Magreth, tarehe 6 Januari 1990, wakajaliwa watoto watatu, Diana, Koikai na Jackline, na wajukuu wanne.

Tarehe 12 Septemba 2015, mama mmoja muuza ndizi wa Kwa Mrombo alisimama ukumbini, akamwambia mgombea, "Mheshimiwa, shikamoo, ule mtaro wa soko uliotuahidi ulipitia wapi, maana kwetu haujafika," ukumbi ukacheka, mheshimiwa hakucheka, na wiki iliyofuata chuo kikatangaza kwamba asiye mwanafunzi ataingia tu kama ni ndugu wa mtumishi. Baba alitii, kwa namna yake, kila Jumamosi akasimama getini kuwapokea ndugu zake, Nazir muuza viungo akawa shemeji, Harleen wa duka la vipuri akawa binamu, hadi mlinzi, Elifuraha, akamwambia, "Mwalimu, ukoo wenu umefika mbali," naye akajibu, "Mzee alitembea sana." Babu hakuwahi kuvuka Moshi, na bibi, aliyepo hapa, habari hiyo ilipomfikia hakuifurahia.

Mwaka 2018 chuo kilifunga mlango huo pia, wananchi wakaambiwa watazame mtandaoni, baba akajibu kwamba kutazama si kuuliza, akaacha kuongoza midahalo, akawa anaenda kusimama nje na waliozuiwa. Mwanzoni walikuwa wengi, baadaye wachache, watu wana shughuli zao, na jioni moja alirudi akavua viatu akasema amechoka, neno ambalo hatukuwahi kulisikia kwake. Alikumbusha uongozi kila mwaka uwafungulie wananchi mlango, akajibiwa kila mwaka kwamba linashughulikiwa.

Mwezi Juni 2022 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, hadi tarehe 9 Machi 2024, saa nne asubuhi, alipofariki hospitalini, mama akiwa pembeni yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, maana alikuwa mgonjwa mbishi, majirani waliopika na kufunga turubai, Elifuraha, na wahadhiri wenzake, hasa wale waliokuja kumwona akiwa bado anaweza kuongea.

Jana wawakilishi wa chuo walifika kutupa pole, tunawashukuru, wakatueleza kwamba ukumbi wa midahalo utapewa jina lake, familia ikiridhia, na kwamba mdahalo wa kwanza chini ya jina hilo, wa wagombea wa serikali za mitaa, utakuwa kwa kadi ya mwaliko. Mama aliuliza, "Na watu wa Sombetini?" Akaambiwa linashughulikiwa. Mama akasema, "Haya, kunyweni chai."

Tumekaa kama familia, na kwa kuwa jibu lilitakiwa leo, hili ndilo, jina hatutoi. Siku mtu asiye na kadi, asiye na ndugu chuoni, atakapoingia akauliza swali lake akaketi, njooni hapa Ngaramtoni, tutawapa jina, na picha ya kutundika, bila masharti mengine. Kabla ya hapo andikeni jina la mtu mwingine.

Baba, pumzika kwa amani, umefanya zamu yako, kuwasumbua tutaendelea sisi.